Mguu Wangu na Mgongo wa Baban

Mimi nilizaliwa nikitanguliza miguu. Kwetu, mtu wa namna hiyo ana kazi yake maisha yote. Mwenye maumivu ya mgongo anamjia na nazi moja, analala kifudifudi kizingitini, anapigwa mateke matatu kwa mguu wa kushoto. Mgongo unafunguka. Ndivyo tulivyoamini. Miaka sitini nimepiga watu mateke, nao wakanishukuru. Hata mwenyekiti wa kijiji nimempiga. La kwake nililikaza kidogo.

Kijiji chetu kinaishi kwa vitunguu. Sokoni, malori yanapakiwa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Baban, mtoto wa marehemu mdogo wangu, alikuwa hamali huko. Nilimlea mimi, naye huniita mama mkubwa.

Gunia moja ni kilo hamsini. Mahamali wawili huliinua kutoka chini, wa tatu akalipokea mgongoni. Baban hakutaka msaada. Alilidunga kwa ndoano yake ya chuma, akainama miguu ikiwa imenyooka, akalivuta, akazungusha kiuno, akalitupa mgongoni. Peke yake!

"Baban, wewe ni mtu au trekta?" wenzake walimwambia.

"Nyinyi pigeni makofi, mimi nipige kazi."

Asubuhi moja ya Aprili alivuta gunia, akazungusha kiuno, akaanguka. Wenzake wakamlaza kwenye mkokoteni. Hawakumpeleka zahanati. Walimleta kwangu.

"Mama mkubwa, lete huo mguu wako," Baban alisema, meno ameyauma. "Matatu tu. Mchana nirudi kazini."

Mkewe, Sunanda, alinishika mkono. "Mama, mwangalie kwanza. Ameshuka akiburuta mguu."

"Wewe umezaliwa ukitanguliza nini?" nikamuuliza. Watu wakacheka. Nilipenda watu wacheke.

Nikapiga. La kwanza, Baban aliguna. La pili, alinyamaza. La tatu, alipiga ukelele ambao sijausahau.

"Mama mkubwa," alisema baadaye, taratibu, "mguu wa kulia siusikii."

"Mguu hausemi, utausikia wapi?" nikajibu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikamfunika blanketi. Nikasema apumzike, dawa inafanya kazi. Saa zikapita. Alasiri Sunanda hakuvumilia tena. Alitoka bila kuniaga, akarudi na Rekha, mhudumu wa afya wa kijiji.

Rekha alipiga magoti karibu na Baban. "Kaka, tangu uanguke, umekojoa?"

"Dada Rekha! Mbele ya mama mkubwa?"

"Mama yako mkubwa alikufunga nepi. Jibu."

Baban akafumba macho. "Nimejaribu. Hautoki."

"Na hapo unapokalia, pana ganzi?"

Akaitikia kwa kichwa. Rekha akasimama. "Itafutwe gari. Sasa hivi. Hili halingoji kesho."

Hospitali ya wilaya walimtazama, wakampiga picha ya mgongo, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Sisi wanawake watatu tukabaki kwenye benchi. Sunanda hakunitazama. Nami sikuwa na mzaha hata mmoja. Mwisho nikauliza, "Rekha, ni teke langu?"

"Sijui, bibi. Gunia ndilo lililoanza. Teke halikumsaidia. Huenda limezidisha. Na tumepoteza saa sita."

Rekha akanisogelea.

"Bibi, unapika puranpoli?"

"Kila sikukuu. Nani asiyejua?"

"Ule mkate ukiubonyeza ukingo mmoja, dengu tamu ya ndani inakimbilia wapi?"

"Ukingo wa pili. Mkate ukiwa umechoka, inapasua na kutoka nje."

"Basi mgongo ndio huo. Mifupa yake imepangwa mmoja juu ya mwingine. Kati ya mfupa na mfupa kuna kimto, nje kigumu, ndani laini. Ukiinama na kupinda mgongo, gunia mikononi, unakibonyeza mbele. Cha ndani kinasukumwa nyuma. Ukizungusha kiuno papo hapo, kinaweza kupasuka. Kikitoka kinakandamiza mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo inashuka miguuni, na mingine inaongoza kibofu."

"Nami nikaukanyaga mkate uliopasuka," nikasema.

Hapo ndipo Sunanda aliponitazama. Alikuwa analia. Akanishika mkono, nami nikalia pia.

"Kwa hiyo kila mwenye mgongo aje huku?" nikauliza baadaye.

"Hapana, bibi. Migongo mingi hupona yenyewe. Mtu apumzike kidogo, asigande kitandani, atembee taratibu, aache mizigo mizito. Lakini mguu ukilegea, au ganzi ikaingia kwenye makalio na mapajani, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, ni hospitali siku hiyo hiyo."

Siku ya tatu Baban alikojoa. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu mzima namna ile. Mguu ulichukua miezi. Kwanza kitandani, kisha kwa magongo mawili, kisha kwa fimbo. Daktari alimwambia hatabeba gunia tena.

Baban alikaa nyumbani akitazama ukuta. Kisha siku moja akaenda sokoni na fimbo yake. Mahamali waliona haya, kwa sababu wao ndio waliopiga makofi. Akakaa nao, wakazungumza, wakaenda pamoja kwa wakubwa wa soko. Walirudishwa mara mbili. Mara ya tatu likajengwa jukwaa la kimo cha kiuno, gunia lisianzie chini. Msimamizi wa jukwaa ni Baban. Sauti yake inafika mpaka barabarani.

"Lijaribu kwanza uzito! Lisogelee. Tanua miguu. Kunja magoti, mgongo usiupinde. Likumbatie kama mkeo, inuka kwa mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usizungushe kiuno!"

"Likiwa zito kuliko mke wangu je?"

"Ita mwenzako. Aibu haivunji mgongo."

Mwaka huu hakuna hamali aliyeletwa kwangu kwa mkokoteni.

Lakini vijiji vingine habari hazijafika. Mwezi uliopita alikuja mvuna vitunguu wa mbali, ameegemea bega la mkewe, nazi mkononi. Alikuwa ameshaanza kulala kizingitini.

"Inuka," nikamwambia. "Umekojoa leo?"

"Bibi! Nimekuja kupigwa teke, sikuja kuulizwa mkojo."

"Nimekuuliza."

Mkewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Tangu jana jioni, hapana."

Nikamwita Sunanda akatafute gari. Baban akatoka ndani, bila fimbo, akichechemea kidogo. Akamshika yule mtu mkono.

"Twende, kaka," akasema. "Mimi nilichelewa saa sita. Wewe umeshachelewa zaidi. Twende."