Amekukaa?

Mtu asiyejua ngeli za Kiswahili namdharau. Nasema waziwazi, sina cha kuficha. Kazi yangu ni kusahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mtu akiniambia "kiti yangu" namfuta kichwani hapo hapo. Nayatanguliza haya usije ukadhani mkasa huu ulimpata mjinga. Ulimpata mjuaji.

Wa pili ninayemdharau ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Bwana Kaboni. Baiskeli yake kaboni, chupa ya maji kaboni, soli za viatu vyake kaboni. Kila Jumamosi alasiri kikundi chetu cha wanaume wenye vitambi hupanda kwa baiskeli mlima wa minara ya simu, na kila Jumamosi Bwana Kaboni hunipita kwenye kona ya mwisho, akageuka na kusema, "Pole pole, shemeji. Usije ukafa, dada akanilaumu."

Nilitaka kitu kimoja tu: kumpita huyo mtu mlimani, mara moja, mbele za watu.

Kilichonikwamisha ni miguu. Ni mipana mbele, bapa kama ya bata, na viatu vyangu vya baiskeli vilikuwa vyembamba. Nikipanda nusu saa vidole vinakufa ganzi. Vipana vya madukani vilikuwa na bei ya kumkalisha mtu chini. Ndipo fundi wa baiskeli akanielekeza kwa mama mmoja anayeuza vilivyotumika, nyuma ya duka la fotokopi.

"Nenda jioni," aliniambia. "Asubuhi hauzi."

Nilimcheka. Lakini Alhamisi nilipotoka kazini, jua likizama, nikaenda.

Chumba kilikuwa kidogo, taa moja. Viatu vimepangwa ukutani jozi kwa jozi, ncha zote zikielekea mlangoni. Kulikuwa na harufu ya mpira, na harufu ya dawa ya kuchua misuli... kali, mbichi, kana kwamba mtu ametoka kujipaka sasa hivi. Mle ndani hakukuwa na mtu mwingine ila mama mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na soksi zako za kuendeshea?"

Nilikuwa nazo.

"Vizuri. Jioni mguu umevimba, hausemi uongo. Kiatu kikikufaa saa hizi, hata mlimani kitakufaa."

Hilo ni kweli, kila mwendesha baiskeli analijua. Lakini yeye alilinong'ona kama siri ya mizimu, na watu wa namna hiyo nawajua. Nikatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Alinipa jozi nyeusi. Soli ngumu, haipindi. Chini kuna kile kibano kinachonasa kwenye pedali, ambacho hakitoki mpaka uzungushe kisigino kwenda nje. Ubavuni, badala ya kamba, kuna kidude cha kuzungusha kinachovuta waya. Kiatu cha kulia kilikuwa na mchubuko mmoja, mrefu, ulioingia ndani ya ngozi.

Nikavaa. Vidole vikapata nafasi. Visigino vikatulia. Mama akapiga magoti, akazungusha.

Krr... krr... krr...

Maisha yangu yote sijavaa kiatu kilichonipokea hivyo.

"Vimekukaa?" akauliza.

"Vimenikaa, mama."

"Vidole vinacheza?"

"Vinacheza."

"Vimekukaa?"

"Si nimeshasema vimenikaa?"

Akainama. Akasogeza mdomo karibu na viatu, si karibu yangu mimi. Akanong'ona.

"Amekukaa?"

A! Kwa viatu! Nilisikia raha ile ninayoisikia nikikamata kosa kwenye kitabu cha profesa. Ningeweza kumsahihisha kwa upole, ni mtu mzima. Sikufanya hivyo. Nilimwiga, kwa mnong'ono ule ule, huku nikiwaza jinsi nitakavyowachekesha wenzangu kesho ofisini.

"Ndiyo, mama. Amenikaa kabisa."

Alifumba macho. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo hata nikaona haya kuomba apunguze. Niliomba. Akapunguza.

Jumamosi, mlimani, miguu ilikwenda. Sikuisukuma, ilikwenda yenyewe, bila ganzi, bila kuchoka. Kwenye kona ya mwisho nilimfikia Bwana Kaboni, amekuwa mwekundu macho, anahema mpaka huruma. Sikumwonea huruma. Nilimpita, nikageuka. Neno nilikuwa nimelitunza tangu mwaka juzi.

"Pole pole, she..."

Krr...

Kiatu cha kulia kilijikaza.

Krr... Na cha kushoto.

Kawaida yetu ni kusimama kwenye minara, tukapumua, tukanywa maji. Nikaacha kukanyaga. Miguu haikuacha. Nikazungusha visigino kwenda nje ili vibano viachie. Visigino vikagoma. Tukapita minara, tukashika mteremko wa upande wa pili, ambao kikundi chetu hakiupiti tangu kingo zake zilipobomoka. Nasema "tuka" makusudi. Nilikuwa na mtu.

Upande ule jua lilikuwa limeshaondoka. Harufu ya dawa ya kuchua ilinijaa puani. Nilivuta breki kwa nguvu zangu zote, zikalia, zikanuka, na miguu ikazishinda.

Mbele, kona. Ukingo umevunjika, pengo la kumtosha mtu mmoja na baiskeli yake.

Nikajua ule mchubuko ulitoka wapi.

"Shemeji! Simama! Shemeji!" Bwana Kaboni alikuwa nyuma yangu, sauti imempasuka.

Wengine kifo kikiwakaribia husali. Mimi nilisahihisha.

"Vimenikaa!" nikapiga kelele. "Viatu vimenikaa! Vi! Vi!"

Krr...

Cha kushoto kikalegea. Nikachomoa mguu, nikajitupa upande huo juu ya kokoto, hatua mbili kabla ya pengo. Baiskeli ililala juu yangu. Mguu wa kulia ulikuwa bado umenasa, na ulikuwa ukikanyaga. Unakanyaga tu... taratibu... kama una safari yake.

Bwana Kaboni alitupa baiskeli yake ya thamani kwenye mawe akanikimbilia. Alitoa koleo kwenye kile kibegi cha vifaa ambacho nimemcheka kwacho miaka mitatu, akakata waya wa kiatu. Alikuwa analia. Kaniokoa, nami bado nikamdharau kwa kulia. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu jioni nilivirudisha. Nilimkuta mama kwenye kigoda kile kile. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Hivi viatu vilikuwa vya nani?" nikauliza.

"Vya mwanangu. Alikuwa hapendi kushuka kwenye baiskeli."

Nikaviweka mbele yake. Hakuvitazama. Alitazama chini, kwenye miguu yangu iliyovaa ndala, muda mrefu.

"Viatu umevirudisha," akasema. "Yeye je?"

Aliinama juu ya mguu wangu wa kulia, akaupapasa kama anayemfunika mtoto shuka.

"Kaa naye vizuri," akanong'ona.

Mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Wiki iliyopita bosi aliniletea kurasa nilizozipitisha kwa saini yangu mwenyewe. *Mguu alivunjika. Mguu anapona.* Mara kumi na moja. Alizitupa mezani kwangu, na ule mtazamo wake niliutambua, maana ni wangu.

Jana magharibi nilikuwa nimejilaza. Mke wangu alikaa miguuni pangu, akanigusa, akashtuka.

"Mbona mguu huu ni baridi hivi, baba watoto? Umepatwa na nini?"

Nilitaka kumwambia ni damu tu, haishuki vizuri, umri huo. Nilifungua kinywa. Nikasikia sauti yangu, imenywea, inanong'ona.

"Amechoka. Mwache alale."