Njia Inayozunguka Mwamba

Ukungu uliwafunika kabla hawajamaliza kugombana. Mfinyanzi alisikia mawe yakiporomoka, kisha yowe la shemeji yake, kisha pasu! Kibuyu chao cha maji.

"Shemeji, u mzima?"

"Mimi mzima. Mguu ndio sijui!"

Alimvuta kutoka kwenye ufa wa mwamba. Paja lilikuwa limechanika. Akakipasua kilemba chake chekundu, nusu akafungia jeraha.

Chini, kwenye tambarare kavu, jamaa zao waliwangoja na mifugo iliyotoa ndimi nje. Wao wawili ndio waliotumwa mlimani kutafuta maji. Wakichelewa, watu wafuate matawi yaliyovunjwa. Ndivyo walivyohama waanzilishi wa wilaya ile: mtangulizi huvunja matawi, na penye maji hupewa jina lake. Mtangulizi mmoja, si wawili! Lakini mfinyanzi, mjane wa kaka yake shemeji huyu, hakukubali kutanguliwa, na shemeji yake, ambaye mdomo wake ulitangulia hata miguu ikibaki, ndiye hakukubali kabisa.

"Turudi kwa matawi," alisema shemeji.

Wakarudi, yeye akichechemea. Jua lilipoinama walifika penye mwamba na kibuyu kilichopasuka. Mwamba uleule.

"Matawi haya ya huku umevunja wewe?" mfinyanzi aliuliza.

"Nilipokwenda kujisaidia. Niliona pazuri."

"Umeweka alama chooni, shemeji?"

Kicheko kikawafia midomoni. Watu watafuata matawi haya haya. Watauzunguka mwamba mpaka kiu iwaangushe, watoto kwanza.

"Panda mgongoni," mfinyanzi alisema, akichomeka kipande cha kibuyu kiunoni. "Nabeba mimi, unavunja wewe."

"Basi jina litakuwa langu."

"Liwe. Ila ukinikaba koo, nakumwaga."

Alishuka pale udongo uliponata kisiginoni. Udongo wa namna hiyo aliukanyaga tangu usichana wake, haunati pakavu. Miiba ilimchana, ulimi ukawa gome kinywani. Juu yake matawi yalivunjika moja moja, na mvunjaji, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alinyamaza.

Kisha baridi ikawapiga usoni. Maporomoko! Maji yalishuka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, yakatulia katika bwawa jeusi. Walikunywa mpaka wakatapika, wakanywa tena.

"Pumzika, shemeji," alisema yule bwana.

"Nikipumzika mimi, nani atafunga alama kule juu?"

Akapanda peke yake hadi mwambani na kile kipande cha kibuyu chenye maji. Nusu ya kilemba akaifunga kwenye njia iteremkayo bwawani, akaketi akaita, akaita mpaka sauti ikakauka. Hatimaye ukungu ukamtoa mama mkwe wake, fimbo mkononi, ukoo mzima nyuma.

"Mara mbili tumeuzunguka mwamba huu! Matawi haya kavunja mlevi gani?"

"Mwanao, mama."

Kule bwawani, shemeji alisimama kwa mguu mmoja mbele ya wote. "Mimi nilivunja tu," alisema. "Aliyetangulia ni huyu."

Hadi leo msitu wa mlima ule haujaguswa, na bwawa lina jina la mfinyanzi. Shemeji naye hakudhulumiwa: ule mzunguko wa bure una jina lake. Alikuja mhandisi na kamba zake anyooshe njia. Kina mama wakamwambia anyooshe mgongo wake kwanza. Wana wa wilaya huuzunguka mwamba mara mbili, kifua mbele, ndipo wanateremka kunywa.