Gambuti Zilizoshiba

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, Bi Tatu huketi karibu na mlango wa nyumba yao mtaani Al Mansoura, akavaa gambuti zake, kisha akashuka kusubiri basi la kampuni. Kazi yake ni kutunza bustani ya hoteli moja mjini Doha. Kiangazi hulalamikia jua. Januari ile alilalamikia miguu, maana mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na upepo ulikuwa mkali.

"Vidole vimekufa ganzi," alimwambia bintiye Nasra.

Nasra alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alizaliwa hapo hapo Doha. Baridi aliyoijua yeye ni ya kiyoyozi. Basi alijiambia kwamba kulitatua jambo hilo ni rahisi sana. Alikata blanketi kuukuu, akabandika vipande ndani ya gambuti kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hadi zikashiba kwelikweli. Kesho yake mama alisukuma mguu kwa nguvu zake zote ndipo ukaingia.

Jioni Nasra alimpokea mlangoni. "Vipi, mama?"

"Joto tele, mwanangu. Mungu akubariki."

Lo, kichwa kikamvimba! Shuleni hakubaki asiyesikia habari za gambuti zile.

Siku ya nne jioni, akichelewa kutoka shule, Nasra alimkuta mama yake kwenye ngazi. Alikuwa ameshika ukuta, anapanda kidato kimoja kimoja. Jirani yao Kiptoo, mlinzi kutoka Kenya, alikuwa amembebea mfuko.

"Usimwambie mtoto," mama alikuwa akisema. "Atavunjika moyo. Ila msimamizi ameshaniona nachechemea mara mbili. Akiniona tena, ananiondoa kazini."

Nasra aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. "Mama! Mbona uliniambia zina joto?"

Bi Tatu alikaa kwenye ngazi, akavua gambuti. Vidole vilikuwa vimepauka, na kisigino kimechubuka.

Kiptoo alitia mkono ndani ya gambuti moja. "Ai, Nasra! Hapa hata mkono wangu unakwama. Na hili blanketi limelowa chapachapa."

"Nilitaka apate joto, anko."

"Najua. Sisi kwetu Iten, kule milimani, tulikuwa tunakamua ng'ombe asubuhi na gambuti, baridi kali ajabu. Mguu ukibanwa, damu haipiti vizuri, na baridi inazidi. Halafu mpira haupitishi hewa. Jasho linabaki humo humo, na kitambaa ulichobandika hakikauki."

Walibandua blanketi lote kwa kisu. Kiptoo alikata vipande viwili vya zulia kuukuu kwa umbo la wayo, kimoja kwa kila gambuti, akaviweka bila gundi, ili vitolewe kila jioni vikauke. Akaleta soksi za sufu jozi mbili, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha mchana. "Vidole vipate nafasi ya kuchezacheza," alisema. "Basi, hiyo tu."

Alipokwenda zake, Bi Tatu alimvuta binti yake karibu.

"Kosa lako lilikuwa la kutojua, na hilo limerekebishwa kwa nusu saa. Langu ndilo baya. Nilikudanganya siku tatu nikidhani nakupenda, kumbe nimekunyima nafasi ya kunisaidia. Mtu akikufanyia wema ukakuumiza, mwambie panapouma. Nawe ukifanya wema, usiulize ili usifiwe. Uliza ili ujue."

Siku iliyofuata, mama aliporudi kutoka kazini, Nasra alimpokea tena mlangoni.

"Vipi leo, mama? Sema kweli."

"Vidole vina joto," alisema Bi Tatu. "Kisigino bado kinauma."

"Haya, kaa hapo nikitazame," alisema Nasra, akaenda kuleta maji ya uvuguvugu.