Uchochoro wa Nyuma ya Chumba cha Mama

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza mchana kweupe, siku ambayo msusi hakuwa na mteja hata mmoja na pasi zake zote zilikuwa baridi. Aliifuata harufu hadi uani, kwenye nyumba ndogo aliyomjengea mama yake, maana miguu ya mama ilishagoma kupanda ngazi za nyumba kubwa.

"Mama, unaunguza nini?"

"Mimi? Hata kiberiti sina," mama alinong'ona. "Polepole. Yumo ukutani."

Ukuta huo ulikuwa na maneno yake. Kanuni za mji zilitaka nyumba ya uani iachane na uzio, ubaki uchochoro wa mtu kupita. Mkaguzi wa majengo alipokuja alikuta msingi umechimbwa panapotakiwa, akasaini. Kugeuza kisogo tu, msusi na fundi wakausogeza hadi kwenye uzio, uzio wenyewe ukawa ukuta wa nne, na chumba kikapata nafasi ya kabati. "Sheria ni msumeno," fundi alitania, "ila huu wetu umelala." Wakacheka hadi machozi.

Fundi huyohuyo akaitwa. Alibandika sikio ukutani, akalitoa haraka.

"Dada, humu mna mtu anatembea."

"Acha utani."

"Sitanii. Anafika hapa, anagota, anarudi. Tumemzibia njia."

Msusi aliona aibu kabla ya kuona hofu. Alimsihi mama ahamie nyumba kubwa, mama akakataa katakata: amechoka kubebwa kama gunia. Lakini alikuwa hali chakula tena, na kila msusi alipoingia alikikuta kitanda kimesukumwa mbali zaidi na ukuta, mama juu yake amejikunyata. Mzazi ni mmoja. "Vunja," alimwambia fundi.

Nyundo ilipotoboa tundu la kutosha mtu, upepo mkavu uliingia, na nyuma yake zikaja nyayo, visigino vitupu juu ya vigae, zikapita kando ya kitanda, zikatokea mlangoni na kupotelea uani. Fundi akashusha pumzi. Msusi akalia kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu," mama alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia.

"Marahaba. Marahaba, wajukuu zangu," akaendelea, macho yakifuata kitu kutoka tunduni hadi mlangoni, na msusi akasikia nyayo nyingine, na nyingine, nzito na nyepesi, za watoto wakikimbia na za mtu aburutaye mguu, msafara mzima uliokuwa umekwama nyuma ya ule ukuta siku zote walizokuwa wakilala na kuamka, ukipita sasa bila haraka mbele ya fundi aliyeangusha nyundo na kushindwa hata kuiokota.

Kisha kimya. Mama, ambaye mtaa mzima hapakuwa na mtu wa kumzidi umri, akainamisha kichwa kwa adabu ya mtoto.

"Shikamoo," alisema.

Akajivuta pembeni, akapisha. Godoro likabonyea kando yake.

"Mama, njoo," msusi alinong'ona akinyoosha mkono. "Nakuomba, njoo kwangu."

"Msalimie kwanza, mwanangu. Huyu hapiti. Anasema yeye kwake ni hapa."

Msusi alisalimia. Akaitikiwa.