Cheti cha Ofisi, Kifua cha Mtoto

Sogeeni wenzangu, hasa ninyi mnaotafuta nyumba za kupanga.

Asubuhi ile mke wa mwanangu alikuwa akikunja nguo, mjukuu akiburuta kigari sakafuni, nyumba imetulia tuli. Mara mtoto akakohoa, kikohozi kikavu kilichomkalisha chini.

Jengo ni la mwanangu. Alilijenga liwe la ofisi, likapata cheti cha jengo la kijani kwa kuokoa umeme na maji. Madirisha hayafunguki; hewa safi huletwa na mashine iliyo juu ya paa. Wenye ofisi walipohama, akatia majiko, akapangisha familia, naye akahamia na wake ili wengine wavutike. Wakaguzi hakuwaita tena, ila kibao cha kijani cha cheti hicho alikiacha mlangoni, kinang'aa.

"Mama, mwanao ananificha kitu," mkewe akaninong'oneza. "Mlango wa paa una kufuli, na ufunguo analala nao."

"Pengine kakuwekea mke mwenza huko juu."

"Afadhali huyo, angenisaidia kufua!"

Akapanda kiti, akaning'iniza uzi mbele ya tundu la hewa. Uzi haukutikisika hata kidogo; hewa haikuwa ikiingia. Mumewe akaingia, akamwona, akacheka: "Jengo lina cheti, wewe una uzi!" Alicheka, lakini mkono ulikuwa mfukoni, umezikamata funguo. Nami nikautazama mkono ule.

Mchana, majiko yakiwaka nyumba zote, mtoto alishindwa hata kulia. Midomo ikawa rangi ya majivu. Baba mtu akanyanyua kiti, akavunja kioo. Tukamsogeza mtoto penye upepo, kisha mbio hospitali.

Mtoto alipopata nafuu, mama yake akamnyooshea mumewe kiganja. "Ufunguo."

Juu ya paa tulikuta sanduku la mashine, ndani tupu. Mota mwanangu alikuwa ameiuza.

"Ilikuwa inakula umeme mno," akasema.

"Na mwanao je, anakula nini? Si hewa?" mkewe akamuuliza.

 Mwanangu alikwenda mwenyewe kwa wakaguzi, kibao kikang'olewa. Madirisha sasa yanafunguka, lakini mjukuu wangu hatoki nje bila dawa ya kifua ya kuvuta.

FUNZO

Cheti cha ofisi hakilindi nyumba ya kuishi. Ofisini watu hushinda mchana tu. Nyumbani tunapika, tunafua, tunalala. Jengo likibadilishwa kazi, likaguliwe upya. Nawe mpangaji, usiridhike na kibao. Jaribu dirisha. Lisipofunguka, uliza hewa inapita wapi, na usitoe mzigo garini kabla hujaonyeshwa.