Maji ya Wiki ya Tano

"Unaninusa shingo? Kwani mimi mchuzi?"

"Nakunusa, ndiyo. Umesema unatoka mara moja, umekaa saa nzima."

"Nilienda kununua dawa ya kupimia maji."

"Saa nzima? Dawa ilikuwa inapikwa?"

"Kulikuwa na foleni."

"Foleni ya nini? Siku hizi mji mzima unafuga samaki?"

Jirani, mwanamke mwenye duka la nguo pembeni ambaye alishinda saluni zaidi kuliko dukani kwake, akacheka kwa pua. Alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona mwizi.

"Shemeji, punguza moto. Ukimtibua mkono mimi ndiye nitakayetoka na mistari ya kwenda kombo."

Aliyekuwa ananusa ni Spana, fundi pikipiki wa mtaa wa nyuma. Shule aliiacha mapema, lakini injini haijawahi kumdanganya, na mdomo wake haukujua kuficha kitu. Aliyenuswa ni mchumba wake, msusi. Kwa kasi ya mikono yake watu walimpa jina la Vidole. Mwezi ujao wazee wa pande zote mbili walikuwa wakutane kupanga ndoa.

Na ndoa ingekuwa imekaa vizuri kabisa, kama si lile tangi la samaki.

Vidole alilitaka ili wateja wapate cha kutazama wakikaa saa sita wanasukwa. Likaja tangi la kioo, likaja pampu, likaja chujio lenye spanji ndani, vikaja vijiwe. Samaki ndio hawakuja. Wiki ya tano hii maji yalikuwa matupu, na Vidole anayalisha kila asubuhi.

"Hebu nieleze," Spana alisema, amesimama mbele ya kioo. "Chakula unatia. Nani anakula?"

"Nimekueleza mara ngapi? Chakula kinaoza, kinatoa amonia. Amonia ni sumu ya samaki. Kuna vidudu visivyoonekana vinaota humo taratibu, ndivyo vinaila hiyo sumu. Vikishakuwa vingi, samaki wanaingia. Ukiwatia kabla, wanakufa."

"Na hayo yote kakufundisha nani?"

"Si unamjua."

Alimjua. Muuza samaki wa mapambo, barabara ya pili. Shati limepigwa pasi, kucha safi, sauti ya taratibu kama anabembeleza mtoto mwenye homa. Spana alimwita Profesa, na hakuwa anamsifia.

Simu ya Vidole ikatetema mezani. Spana akawahi.

*Leo rangi gani?*

Akapandisha juu. Ya jana:

*Njano!!*

*Safi sana! Kesho pima tena. Spanji usiiguse.*

"Njano, alama mbili za mshangao," Spana alisoma kwa sauti. "Mimi nilikununulia hicho kiti cha kupanda na kushuka, ukaniandikia 'sawa'. Bila hata nukta!"

"Lete simu."

"Njano ndiyo nini?"

"Njano, amonia imeisha. Kijani, bado ipo. Imeisha siku mbili mfululizo, kwa hiyo Jumatano anakuja kukagua, halafu nachukua samaki." Vidole akaacha kusuka, akamtazama usoni. "Spana, nisikilize vizuri. Nakupenda, lakini siwezi kuolewa na askari. Ukiendelea hivi, ndoa hakuna."

"Askari ana nafuu," Jirani akadakia. "Askari anaendaga likizo."

Spana akairudisha simu mezani. Moyoni akawa anahesabu siku za kufika Jumatano.

Jumapili Vidole alikwenda kumjulia hali shangazi yake, akamwachia Spana ufunguo.

"Tia chakula, ubane kidogo tu kwa vidole viwili. Kingine usiguse."

"Sawa, mama."

Akatia chakula. Akatazama maji. Yalikuwa na ukungu kidogo. Akafungua chujio, akatoa spanji, na nusura acheke mpaka adondoke. Ilikuwa kahawia, inateleza, imejaa utelezi kama iliyookotwa mtaroni.

"Na huyu ndiye Profesa!"

Pikipiki nayo ina spanji, kwenye chujio la hewa. Ikichafuka, injini inakosa pumzi. Unaiosha, unaikamua, unairudisha, chombo kinapumua. Hilo halihitaji shati la pasi. Na maji yakishakaa sawa, huyo bwana atakuja kukagua nini?

Akaipeleka bombani. Akaisugua, akaikamua, akaisugua tena, mpaka ikarudi rangi ya dukani. Akachota maji nusu ya tangi, akajaza ya bomba. Tangi likameta kama kioo cha gari jipya. Akajishika kiuno, akalitazama kama mtu aliyemfukuza kazi mwenzake.

Jumatano simu ililia akiwa chini ya pikipiki.

"Njoo saluni."

"Kuna nini?"

"Njoo, Spana."

Akakuta watu. Jirani, wateja wawili, na Profesa kainama juu ya tangi. Vidole ameshika kichupa cha kupimia. Kijani, tena ile iliyokolea.

Profesa akaiminya spanji, akaigeuza.

"Dada, hii imeoshwa kwa maji ya bomba. Yale yana klorini, inaua vile vidudu vilivyoota humu. Hapa tunaanza upya. Wiki tano nyingine."

Wiki tano nyingine! Na meseji za Profesa kila siku!

"Mimi sijaigusa," Vidole alisema. Akageuka. "Ni wewe?"

"Mimi? Nilitia chakula, nikafunga mlango."

Uongo ulitoka mwepesi mpaka akajishangaa. Ukavuta mwenzake.

"Labda amekuuzia dawa mbovu. Si anatafuta sababu ya kuja hapa kila siku?"

"Kaka, sina haja ya kutafuta sababu..."

"Usiniite kaka!"

"Subirini." Vidole akanyoosha kiganja. Akamtazama Profesa. "Huyu ana wivu, ananinusa kama paka. Lakini tangu nimjue hajawahi kunidanganya. Akisema hajagusa, hajagusa. Basi mwongo ni wewe."

"Dada, nakwambia ninachokiona."

"Umeniuzia vitu vibovu, sasa unamsingizia mume wangu mbele yangu? Kusanya chupa zako. Toka."

Profesa akakusanya chupa zake moja moja. Moja ikamponyoka, ikabingirika chini ya kiti, akapiga magoti na shati lake la pasi kuitafuta kwenye nywele zilizomwagika sakafuni. Wateja wakacheka. Akasimama, akajipangusa, akatoka bila kuaga.

Vidole akamshika Spana mkono.

"Umeona? Nimekuamini mbele ya watu. Na wewe jifunze kuniamini."

Spana alikuwa amepata kila alichokitaka. Lakini lile neno, mume wangu, lilikuwa bado linamlia masikioni. Vidole hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Vidole."

"Nini?"

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliiosha. Jumapili. Nilijua ikiwa safi hatakuja tena."

Vidole akauachia mkono wake.

"Uwiii, shemeji," Jirani akanong'ona.

"Nimemwita mwongo," Vidole alisema.

"Najua."

"Amepiga magoti kwenye nywele, watu wanamcheka."

"Najua. Nisamehe."

"Ungenyamaza nisingejua maisha yangu yote. Umesema kwa nini?"

"Umeniita mume wako."

Vidole akamtazama. Kitu usoni kwake kikalegea kidogo. Akafungua aproni, akaining'iniza, akaenda mpaka mlangoni. Akasimama hapo, mkono kwenye fremu.

"Nakwenda dukani kwake kumwomba msamaha."

Spana alikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Likamtoka lile lililozoea njia.

"Peke yako?"

Jirani akafumba macho.

Vidole akageuza kichwa taratibu. Hakupandisha sauti.

"Nimesimama hapa nakungoja wewe. Nilijua utasema twende wote."

"Twende! Twende basi, ngoja ninawe tu hii grisi..."

"Usinawe. Nikirudi, nisikukute hapa. Wala kwenye maisha yangu nisikukute."

"Vidole, mama, lilinitoka tu!"

"Ndiyo. Hata kesho lingekutoka."

Akageuka, akashuka ngazi mbili za saluni, akaenda zake, chanuo bado limechomekwa kwenye nywele.