Swali la Ishirini

Kisukatasnifu kilimaliza pendekezo la kumi na tisa kabla chai ya Daktari Atuganile Mwakyoma haijapoa. Kilikuwa chombo kidogo tu, kama kinu cha kutwangia vitunguu saumu, lakini tumboni mwake kilibeba kila kitabu na kila sauti iliyowahi kurekodiwa nchini. Mwanafunzi wa uzamili aliweka kiganja juu yake, akataja linalomvutia, na chombo kikamtolea mada, maswali, mapitio ya maandiko, mbinu na ratiba. Zamani kazi hiyo ilikula muhula mzima. Sasa somo la Kupanga Tasnifu lilimalizika asubuhi moja, na kazi ya Atuganile ilibaki kugonga muhuri.

Wa ishirini alikuwa Subilaga, binti mwembamba wa idara ya fasihi simulizi. Aliweka kiganja akasema, "Nataka kujua kwa nini wanawake wa Itebelo waliacha kuimba msibani baada ya maporomoko ya ardhi."

Chombo kilijibu papo hapo. "Swali halina chanzo. Hakuna kumbukumbu ya ukimya. Chagua moja kati ya mada hizi tatu."

"Sichagui," Subilaga alisema.

Darasa likaguna. Atuganile aliiweka chini chai yake. Swali hilo alikuwa amewahi kulisikia. Miaka tisa nyuma kijana aitwaye Lugano alilileta neno kwa neno, chombo kikalikataa, naye Atuganile akamshauri achukue mada kutoka kwenye orodha. Lugano alifaulu vizuri sana, kwa tasnifu ambayo hakuna aliyeisoma, hata yeye msimamizi wake.

"Subilaga, ukienda Itebelo utamuuliza nani?"

"Sijui bado, Daktari. Ndiyo maana nataka kwenda."

Atuganile alisimama, akauchomoa waya wa chombo ukutani. Taa yake ya kijani ikazimika. "Chukueni karatasi," aliwaambia wote. "Kila mtu aandike swali ambalo jibu lake halijui. Mkiwa mnalijua, si utafiti huo, ni kunakili."

Haikupita saa, Profesa Kihwelo, Mkuu wa Kitivo, akawa mlangoni.

"Daktari, umezima mali ya chuo."

"Nimezima, Mkuu."

"Mapendekezo yasiyopita kwenye chombo hayatambuliki. Kesho saa nne Baraza linakaa. Ukikiwasha sasa, nitasema ilikuwa hitilafu ya umeme."

"Umeme hauna kosa. Nimezima mimi, kwa mkono huu."

Mkuu alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepanda juu ya paa. "Utaondolewa kwenye orodha ya wasimamizi."

"Basi andikeni jina langu vizuri mnapolikata."

Mchana huohuo alimchukua Subilaga, wakapanda milima hadi Itebelo. Mtendaji wa kijiji aliwapokea kwa heshima, ila walipomweleza shida yao alitikisa kichwa. Miaka tisa iliyopita waimbaji wa zamani wa misiba walikuwa bado hai kumi na wanne. Sasa amebaki mmoja. Atuganile alihesabu waliokufa, akakosa pa kuyaweka macho yake.

Huyo mmoja, Bibi Tupokigwe, alikuwa barazani kwake akipukuchua maharage.

"Shikamoo, bibi," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Subilaga aliuliza swali lake. Bibi hakuacha kupukuchua.

"Nani kawaambia tuliacha?" alisema hatimaye. "Tulinyamazishwa. Mlima uliposhuka zilikuja roboti za uokoaji, zile zenye masikio. Zilitega sikio ardhini zitafute pumzi za watu. Wakuu wakatuambia, msilie, msiimbe, mtazichanganya. Tukanyamaza. Mwanangu Asegelile alikuwa chini, ningeimbaje? Zikasikiliza siku sita, kisha zikaondoka." Alipeperusha maganda. "Hakuna aliyerudi kutuambia sasa imbeni. Kila msiba tukaogopa, labda bado kuna anayesikilizwa. Miaka ishirini na sita."

Subilaga alikuwa amelikata swali lake kwa mstari mmoja.

"Bibi," Atuganile alisema. "Aliwahi kutaka kuja kijana kuwauliza. Mimi ndiye niliyemzuia."

Bibi aliacha kupukuchua. "Kumbe ni wewe," alisema. Hakumwambia, "Si neno." Alimsogezea ungo wa maharage, Atuganile akaanza kupukuchua.

"Mnataka kuusikia wimbo wenyewe?"

"Tunataka, bibi."

"Si leo. Ni mrefu, na koo limelala. Njooni kesho asubuhi, niwaimbie wenzangu wote kumi na watatu waliokufa, na Asegelile wangu."

Simu ya Atuganile ilikuwa inalia. Alikuwa Mkuu wa Kitivo.

"Daktari, kesho saa nne. Utafika?"

"Sitafika, Mkuu," Atuganile alijibu, vidole vyake vikiwa na vumbi la maharage. "Kesho saa nne nitakuwa kazini."